Mkwaruzo wa Tupa

Jumatatu, 8 Septemba 1980

Ukungu mpaka saa nne asubuhi, kisha jua dogo. Mama amerudi msituni na nusu kikapu cha uyoga wa manjano.

Nimeamua kuandika humu hali ya hewa na uyoga tu. Mtu akilichukua daftari hili atakuta mvua na uyoga, na sijasikia bado mtu aliyeitwa kuhojiwa kwa sababu ya uyoga. Tangu kaka yangu Dietmar avuke mpaka kwenda upande wa pili, kwa mabepari, mimi ni mtu wa kuhesabu maneno yangu kabla hayajatoka. Ofisini wananiita Trautvetter Kimya. Sioni ubaya wa jina hilo.

Jumanne, 9 Septemba

Ukungu. Uyoga haba.

Alhamisi, 11 Septemba

Mvua nyembamba. Nilisema uyoga tu, lakini leo nataka kuandika siku nzuri ikiwa bado nzuri.

Kila Alhamisi nikitoka kazini hupitia kwa Daktari Leberecht Amthor. Ameng'oa meno ya mji wote wa Schwarzroda, likiwemo moja langu, na tangu astaafu anaishi nyuma ya kanisa na mkewe Roswitha pamoja na bunduki zake. Ni zile bunduki za shabaha ambazo mababu zetu walizibeba sikukuu ya walenga shabaha, kumwangusha ndege wa mbao juu ya mlingoti ili mmoja wao aitwe mfalme kwa mwaka mzima. Ni nzito, mitutu minene, na kitako kimechongwa kufuata shavu la mwenyewe. Haziwezi kumdhuru hata kunguru. Pini zake, zile zinazogonga risasi, zilitolewa zamani na zimo kabatini polisi.

Daktari hunifundisha nikiwa nimefumba macho.

"Mkono haujui kusoma," husema, "kwa hiyo jina zuri halitaudanganya."

Leo alinipakatisha moja. Nikapapasa. Vifyatulio viwili, kimoja cha kutega na kimoja cha kufyatulia, ambacho kikishategwa hata pumzi inakitosha. Mtambo, yaani kile chuma cha kufyatulia nyuma ya mtutu, ni wa kushuka, unaovutwa kwa kishikio cha chini. Pua ya kitako ndefu kama ndizi.

"Ya mafundi wa Zella," nikasema. "Kabla ya vita."

"Vita gani? Hapa kwetu vita ni kama mafua, taja mwaka."

"Elfu moja mia tisa na kitu."

"Na Kitu ndiyo mwaka upi? Babu yangu alizaliwa Na Kitu?"

Bi. Amthor akaita kutoka jikoni, "Leberecht, mwache kijana ale keki. Ametoka kazini, hakuja kuhukumiwa."

Tukala keki ya plamu. Baadaye akaishusha ile ya Kornelius Bätz, kama afanyavyo akiwa na furaha. Bätz alikuwa fundi wa mji wetu huu na alitengeneza bunduki chache maishani mwake, kabla ya sheria ya mihuri, ile iliyotaka kila mtutu ukaguliwe na kupigwa muhuri, ndiyo maana mtutu wake hauna muhuri hata mmoja. Kwa sababu hauna muhuri, wakusanyaji wenzake wa bunduki wamemcheka Daktari miaka yote. Wanasema mtambo ni wa Bätz, lakini mtutu ni wa mtu mwingine, umekuja kufungwa baadaye. Bunduki ya namna hiyo wao huiita iliyoozwa, yaani vipande vya mafundi wawili vilivyofungishwa ndoa. "Amthor na mke wake aliyeoza," walimwimbia mkutanoni, na yeye akatoka nje bila koti.

Lakini alipofika nyumbani akaifungua kipande kwa kipande akaipitia kwa lenzi ile aliyotazamia meno. Chini kabisa, mahali panapofunikwa na ubao wa mbele, aliona mkwaruzo mfupi, mwembamba kama unywele. Tupa ilimteleza Bätz. Mkwaruzo unaanza kwenye mtambo na unaishia kwenye mtutu, mstari mmoja, pumzi moja. Basi vyuma hivyo viwili vilikuwa pamoja mkononi mwa fundi siku ile. Havikuozwa. Ni kitu kimoja.

"Nani mwingine ameona?" niliwahi kumwuliza.

"Roswitha na wewe. Wale hawakutaka kuja kutazama. Wanasema nimeuchora mwenyewe."

Jumatatu, 15 Septemba

Mvua. Soksi zimelowa kutwa.

Ijumaa, 19 Septemba

Mvua. Komredi Reissig, mkuu wetu wa Idara ya Utamaduni, aliniita.

"Funga mlango, Trautvetter. Kaa. Usikae kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Ila nimegusia jambo lenyewe, maana nataka kuzungumzia yule daktari wako wa meno."

"Si wangu, Komredi Reissig."

Nilisema hivyo kabla hajafunga mdomo. Wala hakuwa amenilaumu kwa lolote.

Akanieleza. Imeamuliwa juu, sijui juu wapi, kwamba Daktari Amthor ni mfanyabiashara wa siri, kwa sababu miaka mingi amekuwa akibadilishana bunduki na wenzake. Mali yake ya biashara itachukuliwa. Atakuja mtu kutoka Berlin, wa ile ofisi inayouza vitu vya kale ng'ambo, na atahitaji mtu wa hapa wa kumtambulia kipi ni kipi.

"Wewe una jicho," akasema. "Nimesikia unakwenda kule kila wiki kujifunza. Vizuri sana. Serikali imekulipia masomo ya makumbusho, sasa yatumike."

"Na zisizo na thamani?"

"Takataka zitabaki kwake. Zile za kuungwaungwa, za mafundi wa uchochoroni. Sisi si wanyang'anyi." Akaanza kupanga kalamu zake. "Kaka yako anaandika?"

"Haandiki, Komredi Reissig."

"Akiandika utaniambia."

Alhamisi, 25 Septemba

Mawingu. Sikwenda kwa Daktari. Mama aliuliza kama naumwa.

Jumapili, 28 Septemba

Jua. Mama amepata uyoga wenye miguu minene, mzuri sana, kwenye misonobari michanga juu ya machimbo. Tumeukata vipande na kuutundika juu ya jiko. Nyumba nzima inanukia msitu. Nilikula kidogo.

Alhamisi, 2 Oktoba

Upepo. Nilikwenda. Nilidhani nitamwambia. Nilikuwa na maneno tayari tangu ngazi za kanisa.

Daktari alinipakatisha bunduki, nikafumba macho, na mikono yangu haikusoma kitu.

"Leo una vidole vya mwashi," akasema. "Nini, umepata mchumba?"

"Hapana, Daktari."

"Basi pata. Mtu mwenye mchumba hukosea kwa sababu inayoeleweka."

Alicheka mwenyewe. Bi. Amthor hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo, ananitazama, na nikajua kwamba ameshajua kuna kitu, ila hajajua nini. Nikamaliza keki nikaondoka. Sikusema.

Jumanne, 7 Oktoba

Sikukuu ya Jamhuri. Baridi, bendera, soseji za kuchoma. Nilibeba bango na wengine. Daktari na mkewe walisimama kwenye kona ya duka la mkate wakanipungia mkono.

Alhamisi, 9 Oktoba

Ukungu mzito. Leo asubuhi wametia lakiri kwenye mlango wa chumba cha bunduki. Mimi sikuwepo, nilikuwa ofisini nachapa barua. Jioni nilikwenda kwa sababu kutokwenda kungeonekana zaidi.

Daktari alikuwa jikoni kwenye kiti cha mkewe, amekigeuza kuelekea ukumbini ili aone mlango. Lakiri ni nyekundu na imemiminwa vibaya, imechuruzika mpaka kwenye kitasa.

"Wameniita mchuuzi," akasema. "Sijawahi kuuza hata kijiko." Kisha akasema, "Unyevu utaingia. Nani atazipaka mafuta?"

Akaanza tena habari ya mafuta.

Bi. Amthor alinisindikiza mpaka kwenye lango. Alikuwa ameshapata habari yote, maana mwanamke wa posta ni binamu yake na mji huu hauna mlango unaofungika.

"Wewe ndiye utakayekuwa na yule wa Berlin."

"Ndiyo, Bi. Amthor. Sikuomba."

"Najua hukuomba. Hujawahi kuomba kitu toka ukiwa mtoto, hata maji ulikuwa unayatazama tu mpaka upewe." Akanishika mkono wa koti. "Zote wachukue. Hiyo moja tu, Volkmar. Ya Bätz. Waambie imeozwa."

"Nina kaka ng'ambo."

"Una kaka ng'ambo. Mimi nina mume jikoni anayeutazama mlango. Wakichukua hiyo moja sijui nitabaki na nini humo ndani. Mji wote unaamini imeozwa, wakusanyaji wote wanaamini. Wewe utasema tu wanachosema wote. Hata si uongo mkubwa."

"Basi tumwambie Daktari, awe tayari."

Akatikisa kichwa. "Ukimwambia atakataa. Unamjua. Atasema ni afadhali iende ikiwa na jina lake kuliko ibaki bila jina. Asijue kitu."

Nikakubali, kwa sababu nilimjua kweli. Sote wawili tulimjua, na hiyo ndiyo akili tuliyoitumia.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mvua. Najifunza kusema sentensi moja mbele ya kioo cha kunyolea. Mtutu si wa mtambo huu.

Ijumaa, 17 Oktoba

Mvua. Mtutu si wa mtambo huu.

Jumapili, 19 Oktoba

Baridi ya kwanza kali. Mama anasema uyoga umekwisha, uliobaki umeoza kwa chini. Tulikula madonge ya viazi na mchuzi wa ule wa kukausha.

"Unaongea usingizini," aliniambia.

"Nasema nini?"

"Mtutu. Mtutu wa nini, mwanangu?"

Nikamwambia ni mambo ya kazi. Akaacha kula.

"Dietmar naye alikuwa anasema ni mambo ya kazi," akasema.

Alhamisi, 23 Oktoba

Ukungu mpaka mchana. Nitaandika yote kwa mpangilio, maana nisipoandika kwa mpangilio nitaanza kujitetea.

Tulifika saa tatu asubuhi. Mtu wa Berlin anaitwa Bwana Pohlandt, ana koti zuri la ngozi ya kondoo na tabasamu la mtu wa harusini. Alimletea Bi. Amthor paketi ya kahawa ya ng'ambo, akamkabidhi kwa mikono miwili. Bi. Amthor akaipokea, akaenda akaiweka juu ya kabati bila kuifungua.

Komredi Reissig akakata lakiri. Daktari alitakiwa awepo kama mwenye mali. Alikuwa amevaa suti nyeusi na tai. Akaketi kwenye kiti katikati ya chumba, mikono juu ya magoti, kama wagonjwa wake walivyokuwa wakiketi.

"Mimi ni mtu wa saa na vyombo vya kaure," Bwana Pohlandt akaniambia. "Bunduki kwangu zote ni mabomba. Wewe sema, mimi nitapanga. Za safari ziende mezani kwenye mablanketi, takataka ziwekwe pale karibu na jiko."

Nikaanza. Sauti yangu ilitoka, jambo ambalo sikulitegemea. Ya Zella, mtambo wa kushuka, yote yake, mezani. Ya Suhl, nakshi za mkono, mfalme wa mwaka fulani jina lake limeandikwa kwenye bamba la fedha, mezani. Moja ilikuwa na kitako kipya kilichopachikwa vibaya, nikaipeleka karibu na jiko. Nyingine mtambo wake umekufa kwa kutu, jiko. Hayo yalikuwa kweli. Kila nilipotaja jambo nilimwona Daktari anatikisa kichwa taratibu kwa kukubali. Nilikuwa mwanafunzi wake na nilikuwa nafaulu. Mara moja hata alisema kwa sauti ya chini, "Mwaka," nami nikataja mwaka, akafumba macho kwa kuridhika.

Nikafika kwenye ya Bätz. Niliishusha mwenyewe. Bi. Amthor alikuwa dirishani, akageuka akatazama nje ambako hakukuwa na kitu ila ukungu.

"Hii," nikasema, "mtambo ni wa fundi wa hapa hapa, Bätz. Mtutu si wa mtambo huu. Hauna muhuri. Umefungwa baadaye na mtu mwingine. Imeozwa."

"Takataka?" akauliza Bwana Pohlandt.

"Takataka."

Akanionyesha jiko kwa kalamu. Nikaiweka pale, kati ya zile mbili. Nikanyoosha mkono ukutani kuchukua inayofuata. Ilikuwa imekwisha, yaani ilikuwa imekwisha vizuri, mkono wangu ulikuwa tayari kwenye bunduki nyingine.

"Rudia," akasema Daktari.

Sikugeuka.

"Rudia ulichosema, kijana."

"Leberecht," mkewe akasema.

"Namwuliza huyu. Nani kakufundisha ujinga huo? Mimi? Miaka miwili unakula keki hapa, halafu unasimama mbele ya watu wa Berlin unasema wanachosema wale wapumbavu?"

"Daktari, hauna muhuri..."

"Hauna muhuri kwa sababu sheria ya mihuri ilikuwa haijazaliwa. Nilikwambia. Ulikuwa hapo, ulikuwa na makombo kwenye kidevu." Alikuwa amesimama. Sijawahi kumwona akisimama haraka vile. "Roswitha, bisibisi yangu. Ile ndogo."

Bi. Amthor hakusogea. Daktari akaenda akaichukua mwenyewe kwenye droo. Akaitwaa bunduki pale karibu na jiko, akailaza kwenye magoti, akafungua skrubu mbili, akautoa ubao wa mbele. Mikono yake ambayo siku hizi hutetemeka akishika kikombe haikutetemeka kabisa. Akampa Bwana Pohlandt lenzi.

"Hapa, bwana. Usitazame mimi, tazama hapa. Unaanzia wapi?"

"Kwenye mtambo," akasema Bwana Pohlandt.

"Unaishia wapi?"

Bwana Pohlandt aliinama kwa muda. Mtu anayetazama saa na kaure maisha yake yote anajua mkono wa fundi anapouona. Tabasamu lake la harusini likaondoka, na uso uliobaki ulikuwa wa kweli zaidi.

"Kwenye mtutu. Mstari ni mmoja, na kutu ni ya umri mmoja kote. Daktari, umesema kweli. Hii haikuunganishwa. Ni kitu kimoja."

"Kitu kimoja," akasema Daktari.

"Ziko ngapi duniani?"

"Za Bätz zilizo nzima? Mimi najua hii tu." Na alikuwa anatabasamu. Lazima niandike hili. Kwa mara ya kwanza tangu mlango utiwe lakiri alikuwa na furaha, uso umewaka kama wa mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Alingoja mtu mmoja duniani akubali kuinama na kutazama, na mtu huyo alikuwa ameinama.

Komredi Reissig aliniita ukumbini.

"Ama ulidanganya, ama hujui kazi," akasema polepole, karibu kwa upole. "Chagua sasa, tukiwa wawili. Nikirudi pale ndani sitakuwa na nafasi ya kukuchagulia."

"Sijui kazi."

"Kawaambie."

Nikarudi nikawaambia. "Samahani. Sijui kazi vizuri. Daktari ndiye anayejua."

Daktari akanipiga bega. "Utajifunza, kijana wangu," akasema. "Nilikuwa mkali. Utajifunza."

Ndipo Bwana Pohlandt alipoichukua bunduki kutoka magotini kwake, kwa heshima kabisa, akaifunga kwenye blanketi akaiweka mezani pamoja na zile za safari.

Daktari alibaki na bisibisi mkononi. Akatazama meza. Akatazama karibu na jiko, zile mbili mbovu na nafasi iliyo kati yao. Kisha akamtazama mkewe dirishani, kisha mimi, kisha mkewe tena. Nilimwona anaelewa. Kulichukua muda.

"Roswitha," akasema, "ungeniambia."

"Ungekubali?"

Alikaa akaanza kuzifuta zile skrubu mbili ndogo kwa leso yake, na zilipokwisha kuwa safi akampa Bwana Pohlandt, kwa sababu ni za bunduki ile.

Ijumaa, 24 Oktoba

Ukungu.

Alhamisi, 30 Oktoba

Ukungu. Sikwenda.

Jumatatu, 3 Novemba

Baridi. Nimehamishwa. Sasa niko ghorofa ya chini kwenye vibali vya makaa. Komredi Reissig alinieleza kwamba asiyejua kazi ya utamaduni anaweza kujua kazi ya makaa. Wenzangu wa huko juu hawanisalimii, wa chini bado hawajanijua. Mama anasema nishukuru, ingeweza kuwa vibaya zaidi. Nashukuru. Ndilo jambo ninaloliogopa, kwamba nashukuru kweli.

Jumanne, 11 Novemba

Mvua ya barafu. Leo walitafuta watu wa kwenda kusaidia bohari ya stesheni, wakamchukua asiye na kazi ya maana.

Zilikuwa bunduki za Daktari. Nilidhani nitazikuta kwenye mablanketi yake. Mpakiaji mmoja mwenye kofia ya manyoya, jina lake Kranold, alikuwa ameshazivunja zote. Mitutu kwenye sanduku moja, mitambo kwenye la pili, mbao kwenye la tatu. Zimerundikwa na majani makavu, hazina alama yoyote.

"Kwa nini zimetenganishwa?" nikauliza.

"Amri. Ikiwa nzima ni silaha, na silaha ina makaratasi yake. Ikivunjwa ni vyuma. Vyuma vinapita mpakani."

"Na huko watajuaje ipi ya ipi?"

"Huko wana akili. Wataunganisha zitakazoingiana." Akanitupia nyundo. "Misumari iko pale. Na usijipige kidole, bwana ofisi, damu inaharibu majani."

Akageuka kuwasha sigara. Nikatia mkono kwenye sanduku la mitutu. Nilifumba macho. Mkono wangu ulisoma. Huu ni wa Zella, huu wa Suhl, na huu hauna muhuri. Nikapitisha kidole gumba chini yake nikaukuta, mkia wa mkwaruzo, unaotokea ukingoni bila mwanzo. Mwanzo wake ulikuwa kwenye sanduku la pili, hatua moja kutoka goti langu. Nilikuwa na kamba mfukoni. Kila mtu wa vibali vya makaa ana kamba mfukoni ya kufungia makaratasi. Ilikuwa ni kuuchukua mtambo, kuulaza juu ya mtutu na kufunga fundo, na yeyote atakayefungua huko mbele angejua kwamba hivi viwili ni vya pamoja.

"Umelala?" akasema Kranold.

Nikautoa mkono. Nikapigilia misumari sanduku la kwanza, kisha la pili. Sikujipiga kidole.

Mtu wa huko ataukuta mtambo wa Bätz na mtutu wowote unaoingia. Atavifunga pamoja. Basi itakuwa imeozwa, na wote waliomcheka watakuwa wamesema kweli.

Ijumaa, 14 Novemba

Barafu kwenye dirisha kwa ndani.

Alhamisi, 20 Novemba

Theluji ya kwanza, imekaa. Hakuna uyoga mpaka mwakani.

Nilikwenda. Nilisimama kwenye ngazi za kanisa muda mrefu hadi muuza mkate akanitazama, nikaona aibu nikaendelea.

Bi. Amthor alifungua. Amekonda. "Ingia, keki ni ya tufaha, plamu zimekwisha," akasema, kama kwamba nilikuja wiki iliyopita.

Mlango wa chumba uko wazi, lakiri imekwanguliwa lakini doa lake jekundu limebaki kwenye kitasa. Ukutani ni misumari mitupu. Zile mbili mbovu ziko pale pale karibu na jiko, hakuna aliyezitundika.

Daktari alikuwa kwenye kiti chake. Hakunipakatisha kitu.

"Nimesikia ulikuwa stesheni," akasema.

"Ndiyo, Daktari."

"Yule wa Berlin alisema nini hasa? Siku ile. Roswitha anakumbuka vibaya."

"Alisema haikuunganishwa. Alisema ni kitu kimoja."

"Alisema hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Bi. Amthor akaingia jikoni. Nilisikia maji yanafunguliwa na kuachwa yatiririke.

Daktari akaniinamia. Alinitazama mdomoni, sio machoni, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mtoto kwenye kile kiti chake.

"Na wameifungaje? Nzima?"

"Nzima, Daktari. Kwenye blanketi, na majani makavu pande zote. Niliifunga mwenyewe."

"Mtutu na mtambo pamoja."

"Pamoja."

Nilingoja. Mikono yangu ilikuwa chini ya meza. Yeye anajua jino bovu kabla mwenye jino hajajua, na niliona macho yake yanapita polepole juu ya uso wangu wote, kipande kwa kipande.

"Vizuri," akasema.

Hakunisahihisha, yeye ambaye hakuwahi kuniachia hata kosa la mwaka.